Kompyuta ya Mtumba si Maiti

Wako watu, na miongoni mwao wasomi, wasemao kwamba kompyuta ya michezo iliyokwisha kutumiwa na mwingine ni takataka, na kwamba mwanafunzi mwenye fedha chache akiinunua amezitupa baharini. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, wamepata hoja mpya: mashine iliyokataliwa na Windows 11 imekufa.

Hoja hiyo haina mashiko. Prosesa ya Intel i7-7700, iliyotoka mwaka 2017, haimo katika orodha ya zile zikubaliwazo na Windows 11, lakini nguvu zake hazikupungua hata chembe siku ile ya Oktoba. Kilichobadilika ni karatasi, si chuma. Iko Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nayo haitozi ada. Na tangu mwaka 2018 programu iitwayo Proton imewezesha michezo mingi iliyoandikiwa Windows kuchezwa humo. Ni kweli kwamba baadhi ya michezo ya mashindano, kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu, ingali inakataa. Aipendaye na aijue habari hiyo kabla ya kufungua mkoba.

Kosa la waokoaji liko kwingine, nalo ndilo liwapalo wapinzani silaha: hununua vipuri kabla ya kuchunguza. Mashine izimikayo katikati ya mchezo mara nyingi haitaki kadi mpya, yataka brashi. Vumbi limeziba mapezi ya kipozeo, na ile dawa ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa imekauka ikawa kama udongo. Kusafisha na kupaka dawa mpya ni kazi ya jioni moja. Baada ya hapo ndipo yafaa mfumo uhamishiwe kwenye SSD, na ile diski ya kuzunguka iachiwe kazi ya ghala. Kisha kumbukumbu ya GB 8 ifanywe 16, kwa vipande viwili vilivyo sawa. Mahali pasipofaa ubahili ni pawa saplai, kwani iliyo duni ikiungua yaweza kuondoka na vyote. Tena isifunguliwe, maana kapasita zake hushika umeme hata waya ukiisha kuchomolewa.

Na wale waidharauo michezo yenyewe, wakaona chombo chake hakistahili kuingia chuoni? Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton waliifundisha mashine kutambua picha kwa kadi mbili za GTX 580, kadi za michezo hasa, kila moja yenye kumbukumbu ya GB 3. Kadi ya GTX 1060 ya mwaka 2016, ile yenye GB 6, leo huitwa takataka. Mwanafunzi wa hesabu aliyeipata kwa bei ya mtumba anacho chombo cha utafiti, hata kama usiku hukimbizia magari.