Mtoto Anapokunja Shingo Bila Kutaka



Mtoto akianza kukonyeza macho pasipo sababu, au kutupa kichwa upande, wengi humkemea kwanza na kuuliza baadaye. Hapa Lubudi wapo pia wanaonong'ona kwamba amerogwa. Sisi twasihi liulizwe kwanza swali jingine: mtoto huyu amemeza dawa gani?

Swali hilo si la bure. Katika miaka ya 2014 na 2015, kule Ituri, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, zaidi ya watu 1,000, wakiwamo watoto wadogo wengi, walikakamaa na kupinda uso na shingo. Ilidhaniwa kwanza kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wengine walikufa. Ituri ni mbali nasi, lakini kidonge kiuzwacho kwa kuhesabiwa, kikafungwa katika karatasi isiyo na jina, hufika popote.

Ubongoni mna kitu kiitwacho dopamini, kisaidiacho kuongoza mwendo wa viungo. Haloperidoli hukizuia. Ziko dawa nyingine ambazo hukiongeza, kama metilifenidati, wapewayo kwa cheti cha daktari watoto wasioweza kutulia wala kukaza mawazo darasani. Mtoto aimezaye pengine huonekana akikonyeza, akijikohoza, au akichuna midomo, na mzazi aliyeogopa huitupa dawa siku ile ile. Twaona hiyo ni haraka mno. Mwaka 2015 wataalamu walijumlisha majaribio 22 ya dawa za jamii hiyo, yenye watoto zaidi ya 2,300. Mitikisiko ilianza au kuzidi kwa watoto 5.7 katika kila 100 waliopewa dawa, na kwa 6.5 katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Maana yake, mitikisiko hii huja na kwenda yenyewe, na watoto wasiotulia huwa nayo kuliko wenzao. Hata hivyo yuko mmoja mmoja ambaye dawa humsumbua kweli. Huyo daktari aweza kumpunguzia kipimo au kumbadilishia.

Basi kukonyeza macho kwaweza kungoja siku ya daktari. Shingo iliyokakamaa, taya lisilofunguka, ulimi unaotoka nje: hayo hayangoji hata kesho. Mpelekeni mtoto hospitalini saa ile ile, pamoja na vidonge vilivyobaki na karatasi yake, hata kama mlivipata kwa jirani na mwaona haya kusema. Dawa ya kulegeza mkazo huo ipo, na mganga akijua mtoto alimeza nini, hatapoteza siku kumtibu homa asiyokuwa nayo.