Zaka na wasiwasi wa kesho: je, mtu anaweza kungoja?



Maswali ya Zaka yanayotufikia siku hizi yamebadilika sura. Zamani mtu alikuwa akiuliza, "Nitoe kiasi gani?" Sasa wengi wanauliza, "Naweza kungoja?" Mmoja ameweka fedha za kumsomesha mtoto. Mwengine anaogopa biashara ya watalii isije ikasimama kama ilivyosimama mwaka 2020. Wa tatu hajui bei ya mchele na mafuta itafika wapi. Hawa si mabakhili. Wengi wao ni watu wa safu ya mbele msikitini. Kinachowazuia ni hisia kwamba mambo yamewatoka mkononi, basi hicho kidogo kilichobaki wanataka wakishike wao.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelizungumza jambo hili. Mmarekani Julian Rotter aliandika mwaka 1966 kwamba wako watu wanaoona yanayowafika yanatokana na juhudi zao, na wako wanaoona yanatokana na bahati au nguvu za wengine. Ukisikia hivyo utadhani wa kwanza ndiye atakayetoa zaidi, kwa sababu anaamini mchango wake utafanya kazi. Mara nyengine huwa hivyo. Lakini anayeona utajiri wake ni jasho lake tu, hachelewi kuona umasikini wa jirani yake ni uvivu.

Qur-aan imetupa mfano wa mtu huyo katika Suratul Qasas. Qaaruun alipowaidhiwa afanye wema kwa alichopewa, alijibu kwamba amekipata kwa elimu aliyonayo. Hakukana kuwa ana mali; alikana kuwa amepewa. Na katika Suratul Qalam wamo wenye shamba walioapa kuvuna asubuhi mapema, masikini wasije wakaingia, wala hawakusema Inshaallah. Walipofika, shamba lilikuwa limekwisha teketea. Wenye mikarafuu kule Pemba hawahitaji tafsiri ndefu ya kisa hiki. Wanajua kwamba mwaka wa mavuno makubwa unaweza kufuatiwa na mwaka mkavu, na wanajua mvua inavyokuja karafuu ziko majamvini. (Na kwa vile tunaulizwa sana: katika madhehebu ya Imam Shafi karafuu hazina Zaka ya mazao, kwa kuwa si chakula cha kushibia. Fedha zake, zikifika nisabu na zikapitiwa na mwaka, zina Zaka.)

Upande wa pili ni wa aliyekata tamaa. Anatazama kwenye simu yaliyowafika watu wa Gaza na Sudan, anasema, "Shilingi elfu tano zangu zitabadilisha nini?" Anafunga simu. Tunamfahamu, lakini hatukubaliani na wanaosema kwamba unyonge ndio unaofunga mikono. Usiku ilipozama MV Spice Islander I, Septemba 2011, nani alikuwa na uwezo juu ya bahari? Hata hivyo wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu kuwa chombo chake kitaokoa wangapi. Kazi ilikuwa mbele ya macho, na kila mtu aliiona sehemu yake. Mkono hufunga pale mtu asipoiona sehemu yake, na hilo ni jambo ambalo kamati zetu za misikiti zinaweza kulitibu: zitaje familia ngapi, zinahitaji nini, na za mwezi uliopita zimekwenda wapi. Mchango unaotangazwa kwa jumla jumla haumfikii mtu moyoni.

Kuna na namna ya tatu, nayo tunaiona zaidi Ramadhani. Mtu anatoa, lakini anataka kuimiliki sadaka hata baada ya kuitoa. Achague nani apewe, aliyepewa asimame mbele ya kamera na mfuko wa mchele, ashukuru kwa sauti. Mama wa watu anageuzwa tangazo mbele ya watoto wake! Zaka haikuwekwa hivyo. Kiwango chake kimewekwa, na wanaostahiki ni makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Ile asilimia 2.5 ni haki yao iliyokuwa imekaa kwako.

Hata kwenye nisabu nafsi hutafuta pa kushika. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000, kwa hiyo nisabu ya gramu 85 ikapita dola 10,000. Ya fedha, gramu 595, wakati huo ilikuwa inazunguka dola 1,000. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaipima noti kwa nisabu ya fedha kwa maslahi ya masikini, nasi tunaelekea huko. Aliyekuwa akitoa kila mwaka, kisha akahamia dhahabu kwa sababu tu imepanda, aiulize nafsi yake.

Sasa jawabu. Mwaka ukitimia na wanaostahiki wapo, Zaka ni wajibu papo hapo, na kuichelewesha bila ya udhuru ni dhambi. Fedha za ada ya mtoto zilizopitiwa na mwaka zinaingia kwenye hesabu. Wanavyuoni wa Kishafi wameruhusu kumngoja jamaa, jirani au mwenye haja zaidi, kwa sharti waliopo wasiwe na dhiki kubwa. Na mali ikipotea katika kungoja huko, deni la Zaka linabaki shingoni mwako. Kuogopa kesho hakumo katika nyudhuru hizo.

Uliopo ni mlango wa kutanguliza. Mwenye nisabu anaruhusiwa kutoa Zaka ya mwaka mmoja kabla ya wakati wake, na imepokewa kuwa Mtume (Swalla Allaahu alayhi wasallam) alimruhusu hivyo ami yake, Al-Abbaas. Basi anayehofu kuwa miezi ijayo itakuwa mizito, aanze mwezi huu kutoa kidogo kidogo kwa nia ya Zaka, aandike anachotoa, na mwaka ukitimia apige hesabu na kukamilisha kilichopungua.

Wallaahu a'lam.