Rangi ya Nyoka na Aibu Iliyofichwa

Ndugu msomaji, usishtuke nikisema kuwa wako watu wafugao nyoka kwa uzuri wake. Sisi tukimwona twatafuta fimbo. Huko Marekani yuko aitwaye nyoka wa mahindi. Hana sumu, chakula chake panya, na watu humfuga nyumbani kama sisi tufugavyo njiwa.

Mwaka 1953, katika jimbo la North Carolina, alikamatwa mmoja asiye na weusi hata chembe, macho mekundu. Daktari Bernard Bechtel akampandisha na wa kawaida. Watoto wakatoka wa kawaida wote! Walipozaana wao kwa wao ndipo ile rangi ikazuka tena, kama mmoja katika kila wanne. Leo rangi na madoa ya nyoka hao hayahesabiki.

Kwa hayo sina ugomvi. Mfuga njiwa wa mtaani kwetu naye huchagua dume na jike. Ugomvi wangu ni ukoo mmoja wa rangi, "sunkissed", ulioonekana kuchukua maradhi ndani yake. Mtoto akiyarithi kwa baba na mama pia, shingo humpinda, hutazama juu, na kutambaa sawasawa hawezi. Aliyeyarithi upande mmoja tu ni mzima kabisa, na bei yake nzuri.

Sasa ajuaye hayo na akauza kimya, mimi simtofautishi na muuza maziwa atiaye maji. Njia ya kumpima nyoka ipo: apandishwe na ajulikanaye kuwa nayo, mayai yangojwe yaanguliwe. Wako wafugaji wafanyao hivyo kabla ya kuuza hata mtoto mmoja.