Ziwa Nzilo: tupime mtumbwi kwa mlingoti wake, si kwa motere yake

Leo tuzungumze juu ya mlingoti: ule mti unaosimama ndani ya mtumbwi na kubeba tanga.

Kila mara msaada kwa wavuvi unapotajwa katika mkutano, neno la kwanza ni motere. Nani atapata motere, ya nguvu gani, na nani atanunua esanse. Maoni yangu ni kwamba tunaanza na swali lisilofaa. Swali la kwanza liwe hili: je, mama na kijana wake wa miaka 15 wanaweza kusimamisha mlingoti na kuushusha wenyewe, bila kuita majirani, chai yao ikiwa haijapoa? Kama jibu ni hapana, mtumbwi huo utabaki nyumbani, hata kama tanga lake ni zuri namna gani.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Lualaba, watu wa shaba na kobalti? Kwa sababu maji tunayo. Ziwa Nzilo lilitokana na bwawa lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati huo likiitwa Delcommune, ili viwanda vya shaba vipate umeme. Shaba ilipewa umeme, na wakaaji wakapata samaki. Leo shaba hiyo hiyo inawaondoa watu. Septemba 2023, Amnesty International na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti iliyoonyesha jinsi upanuzi wa machimbo ulivyowatoa watu kwa nguvu katika nyumba na mashamba yao. Mtu aliyepoteza shamba hutafuta riziki nyingine, na baadhi wanaelekeza macho ziwani.

Lakini aliyehamishwa hachagui mahali pa kukaa. Anaweza kupewa kiwanja mbali na maji, au akapanga chumba katika mtaa ambao hana ndugu. Mvuvi aliyezaliwa pwani ya ziwa huacha mtumbwi wake mbele ya nyumba ya mjomba. Huyu mgeni atamwachia nani? Itampasa kuupeleka na kuurudisha, juu ya pusupusu au kigari kinachovutwa na pikipiki. Basi mlingoti wake utasimamishwa kila asubuhi na kulazwa kila jioni. Kazi hiyo ikichukua saa moja asubuhi na saa moja jioni, na kuhitaji wanaume wanne, wiki ya pili ataacha.

Mashua kusafiri nchi kavu si jambo geni kwetu. Mwaka 1915, katika vita vikuu vya kwanza, Waingereza walileta mashua mbili za motere, Mimi na Toutou, kila moja ya urefu wa mita 12 hivi, wakitaka kupigana na meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Reli iliwafikisha Fungurume mwanzoni mwa Agosti, ikaishia hapo. Kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba mashua hizo zilikokotwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mamia ya vibarua Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Halafu zikapanda treni mpaka Bukama, zikashuka mto Lualaba, na mwisho zikafika mahali tunapopaita leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Vitabu vinataja majina ya maofisa. Majina ya waliovuta kamba hayatajwi. Nakumbusha habari hii kwa sababu moja: mashua inayosafiri barabarani hudai jasho la mtu, na anayepanga kazi lazima ahesabu jasho hilo kabla, si baada.

Wengine watasema, sisi ni watu wa kasia, tanga ni mambo ya bahari. Ni kweli kwamba kasia ndiyo tuliyoizoea, na sisemi tuitupe. Upepo ukilala, kasia ndiyo itakayokurudisha. Lakini kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya nyanda zetu za Katanga bila kutoza franga hata moja. Motere inadai esanse kila siku, inadai buji, inadai fundi. Tanga linadai sindano na uzi.

Twende basi tukajifunze kwa wenye kujua. Katika pwani ya Waswahili, Lamu, Zanzibar na Bagamoyo, mvuvi wa ngalawa hutoka peke yake au na mwenzake mmoja. Mlingoti wake ni mfupi. Unapita katika tundu la ubao mnene unaovuka mtumbwi, na mguu wake unakaa katika kikombe cha mbao kilichochongwa chini kabisa. Tanga halifungwi kwenye mlingoti; limefungwa kwenye mti mwingine mwembamba na mrefu unaoitwa foromali. Foromali hupandishwa kwa kamba moja, henza, ambayo ikishafungwa nyuma, upande unakotoka upepo, inasaidia pia kuushikilia mlingoti usianguke. Kamba moja, kazi mbili. Akitaka kugeuza tanga, huhamisha kwanza kamba za upande wa upepo. Kwa hiyo hana msitu wa nyaya za kukaza kila asubuhi.

Hapo ndipo ninapotaka maseremala wetu waanzie. Kwa mtumbwi wa mita 5, mlingoti usizidi mita 3, wa mti mwepesi ulionyooka, kama mkaratusi mchanga uliokaushwa vizuri. Ukilazwa, unalala wote ndani ya mtumbwi na hauning'inii nje barabarani. Urefu tuuongeze kwenye foromali, si kwenye mlingoti. Tena mtumbwi mwembamba wa gogo usipewe tanga kamwe bila mihimili na mbao za pembeni kama za ngalawa, zile zinazouzuia usipinduke.

Kwa chombo kikubwa cha mbao, ambacho mlingoti wake ni mzito kwa mtu kuuinua na kuutumbukiza tunduni, dawa ni bawaba. Mguu wa mlingoti unabanwa kati ya mbao mbili imara, na bolti moja nene inapita katikati, ili mlingoti ulale kuelekea nyuma na kuinuka bila kutoka mahali pake. Seremala azingatie jambo moja: kamba za kushoto na kulia zifungwe kwenye mbavu za chombo sawasawa na bolti ile, kwa kimo na kwa mstari. Zikifungwa mbele yake au nyuma yake, kamba zitalegea au kukaza kupita kiasi wakati mlingoti unapopanda, nao utaangukia upande, juu ya mtu.

Kuna pia ujanja wa mti wa kuinulia. Mlingoti ukiwa umelala, ukivuta kamba yake kutoka mbele, unavuta tu mguu wake; kichwa hakiinuki, kwa sababu kamba na mlingoti vimelala pamoja. Simamisha basi kijiti imara mbele ya mguu wa mlingoti, kiasi cha nusu ya urefu wake, ukifunge kushoto na kulia kisiyumbe. Kamba itoke kichwani mwa mlingoti, ipite juu ya kijiti hicho, iende kwenye puli iliyofungwa mbele ya chombo, kisha irudi mkononi mwako. Sasa kamba inavuta kwenda juu. Mtu mmoja anavuta, mwingine anaelekeza kwa mkono. Hakuna anayesimama chini ya mlingoti.

Tena, muda mwingi hupotea katika kufumbua kamba zilizosokotana, si katika kuinua. Kamba za juu zisifunguliwe kamwe. Zibaki zimefungwa kichwani mwa mlingoti, na jioni ufungue ile ya mbele peke yake. Kila kamba ikunjwe peke yake na kubanwa juu ya mlingoti kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la kinga. Kamba ya kushoto ipakwe rangi moja, ya kulia rangi nyingine, ili hata mtoto asikosee. Kila pini ifungwe kauzi, kwa sababu pini ikianguka majini hairudi, na bila pini siku yako ya kazi imekwisha.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nazungumza juu ya kuokoa muda tu. Mlingoti unaopanda haraka ndio unaoshuka haraka, na huko ndiko kuliko na uhai wa watu. Sote tunajua mvua zetu. Kuanzia Oktoba wingu jeusi linaweza kuinuka upande mmoja wa ziwa jua likiwa bado linawaka upande mwingine. Upepo wa kwanza wa dhoruba haupigi hodi. Mvuvi ambaye tanga lake linashuka kwa kuachia kamba moja, na mlingoti wake unalala kwa kutoa pini moja, anaweza kuinama na kupiga kasia kwenda ufukweni. Yule aliyefunga mafundo matano atakuwa bado anayafungua wimbi likiingia. Na radi ikianza kunguruma hata kwa mbali, ondoka majini. Mlingoti ulio peke yake katikati ya ziwa ni mwaliko kwa radi. Jile za kuokolea zivaliwe tangu mnapotoka pwani. Ile inayokaliwa kama mto haimwokoi mtu.

Onyo la mwisho ni la mji wetu. Laini kubwa ya umeme kutoka Inga, kilomita 1,700 hivi, inaishia hapa Kolwezi tangu miaka ya 1980, na bwawa la Nzilo lenyewe lina nyaya zake. Kabla ya kuinua mlingoti, inua macho. Usisimamishe mlingoti chini ya waya au karibu nao, wala usisafirishe mtumbwi barabarani mlingoti ukiwa umesimama. Umeme wa nguvu kubwa unaweza kuruka kabla ya kuguswa, na mti uliolowa unaupitisha. Sehemu ya kusimamishia milingoti ichaguliwe mapema, iwe wazi, na kila mtu aijue.

Basi maombi yangu ni matatu. Kwenu mnaotoa misaada, na kwenu wakubwa wa makampuni na wa jimbo mnaoahidi kuwasaidia waliohamishwa wapate kazi nyingine: msikabidhi mtumbwi kwa picha na hotuba. Waiteni mama na kijana wake, wapeni mlingoti uliolala, mkaangalie saa. Wakishindwa, mtumbwi urudi kwa seremala, si kwao. Kwenu maseremala: chombo cha kwanza kitakuwa na makosa, lakini kamba mtakayoipunguza leo ni dakika mtakayompa mtu siku ya dhoruba. Na kwenu familia mliohamishwa: mkiletewa chombo, msiulize tu kina motere ya nguvu gani. Ombeni kuusimamisha na kuulaza mlingoti mara tatu mbele yao, kwenye nchi kavu, kabla ya kutia kidole kwenye karatasi ya kupokea.

Mliondolewa katika mashamba yenu bila kuulizwa. Angalau juu ya chombo kitakachobeba watoto wenu majini, muulizwe ninyi kwanza.