Kufuli Kubwa, Bawaba Nje: Unamfungia Nani?

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Mnatumia pesa mingi kwa kufuli, halafu mlango wenyewe umeshikiliwa na vitu ambavyo hamjawahi kuviangalia hata siku moja.

Toka nje uangalie mlango wa keja yako. Kama ni wa chuma na unafungukia kwa korido, angalia ule upande usio na kufuli. Utaona vyuma vya mviringo kama risasi, vimechomelewa kwa fremu. Hizo ndizo bawaba, ama hinji vile fundi anaziita. Ziko nje, na kila anayepita anaweza kuzishika.

Sasa skiza vile zinafanya kazi. Nusu ya chini ina pini. Nusu ya juu, iliyo kwa mlango, inakalia hiyo pini tu. Kinachozuia mlango usitoke ni uzito wake. Fundi anazipenda kwa sababu anachomelea, anatundika mlango, ameenda. Lakini kitu kilichotundikwa kinaweza kutundukuliwa. Mtu na mtaimbo wake hahitaji kujua kufuli lako ni la kampuni gani.

Na dawa si ghali, hiyo ndiyo inaniudhi. Bawaba moja ichomelewe ikiangalia chini, mlango hautainuka tena. Kama ushatundikwa, kipande kidogo cha chuma kichomelewe kwa fremu juu kidogo ya bawaba, kizuie kupanda. Ni kazi ya dakika chache. Mwenye nyumba aliyeweka tailizi zinazong'aa na kukutoza dipoziti hawezi kuniambia hiyo ilimshinda.

Mtasema, "Mwizi akitaka kuingia ataingia tu." Sawa, lakini mbona tumrahisishie? Akivunja, apige kelele majirani waamke. Wengine mtasema nyumba si yenu, mmekodi tu. Mlango ni wa mwenye nyumba, ndiyo. Laptopu iliyo ndani ni ya nani?

Kwa geti mambo ni mabaya zaidi. Geti zito linavuta bawaba ya juu litoke na kusukuma ya chini ndani, kila siku. Mkiona limeanza kulala na kukwaruza chini, msizoee kuliinua kwa mguu ndio lifunge. Linawaambia bawaba ni ndogo ama zimeisha. Na watoto wa ploti hupenda kuning'inia hapo. Likianguka, halitachagua.

Mimi niliacha chuo, na hii haihitaji digrii. Ukienda kuona keja, usiulize tu maji na waifai. Funga mlango, ushike upande wa bawaba, uinue. Ukipanda, usilipe hata shilingi mpaka fundi aje. Pesa ikiwa bado mfukoni mwako, mwenye nyumba atakuskiza. Ukishalipa, utaambiwa ungoje mwisho wa mwezi.