Kijana wa Kaengesa, Lisome Tangazo la Kazi Mara ya Pili

Wazee wetu waliosoma miaka ya Azimio la Arusha walimaliza vyuo wakapangiwa kazi na serikali. Enzi hizo zimepita, na kuzililia hakutazirudisha. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita kwenye usaili vijana zaidi ya 10,000, wakajaa majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na waombaji wakapita laki moja.

Habari kama hizo zikifika huku Ufipa, vijana wetu hugawanyika. Wako wanaosema kazi zina wenyewe, wakarudi shambani kwa kinyongo. (Shamba halina kosa, kinyongo ndicho kibaya.) Na wako wanaotafuta karatasi za maswali na majibu ya usaili zinazozungushwa kwenye simu, wakazikariri kama katekisimu.

Nasema na hawa wa pili, maana wamekubali kujiandaa ila wameshika njia siyo. Jopo linalosikiliza watu tangu asubuhi limekwisha kuchoka na yule anayejibu kuwa udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo halimwelezi msaili lolote juu yako, isipokuwa kwamba umekariri.

Majibu yaanzie kwenye tangazo lenyewe. Chukua kazi ya Mtendaji wa Kijiji, ambayo vijana wengi wa hapa huiomba. Tangazo hutaja majukumu: kuwa katibu wa mikutano ya halmashauri ya kijiji, kuandika mihtasari, kusimamia sheria ndogo, ulinzi na ukusanyaji wa mapato. Kila jukumu hapo ni swali linalokungoja. Ukiulizwa, "Wananchi wamegoma kuchangia ujenzi wa darasa, utafanyaje?" utasema nini? Asiyejiandaa husema, "Nitawaelimisha," akanyamaza. Aliyejiandaa anajua kuwa mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, kuwa halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na kuwa mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Basi ataanza kwa kutaka kujua kama hesabu ya michango iliyopita ilisomwa. Hilo ni jibu la mtu aliyewahi kukaa mkutanoni, na mikutano hiyo, ndugu yangu, hufanyika kijijini kwako bila kiingilio.

Likija lile la "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe," wengi huanza na mahali walipozaliwa na shule ya msingi. Vyeti jopo linavyo mezani! Sisi tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, na ni malezi mema. Lakini kutaja kazi uliyoifanya si majivuno. Kama uliwahi kushika daftari la mizani kwenye kituo cha kununulia mahindi, sema hivyo: nilipima unyevu, nikakataa gunia lililozidi asilimia 13.5, mkulima akaja juu. Ulimjibu nini? Lieleze hilo, na swali la jinsi unavyotatua migogoro utakuwa umekwisha kulijibu.

Kisha fanya mazoezi kwa mdomo. Mwombe mwalimu, au kaka au dada aliyekwisha kuajiriwa, akuulize na kukukatiza katikati ya jibu. Aliyekariri hapo hurudi mwanzo wa sentensi. Anayesimulia kazi yake huendelea. Na usilolijua, sema hulijui.

Mwisho ni vyeti. Wito wa Sekretarieti ya Ajira hudai vyeti halisi vya masomo, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho; hati za matokeo hazipokelewi, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, sharti uwe na hati ya kubadilisha jina. Shughulikia hilo sasa ungali Kaengesa, maana ukifika Dodoma na majina mawili, hakuna atakayekuuliza hata swali moja.