Ramani za pori letu zirudi kijijini

Wakaaji wa Boyoma, kutoka Makiso mpaka Lubunga, na ninyi ndugu zetu wa vijiji vya barabara ya Yangambi, ya Buta na ya Ituri,

Siku hizi kuko wimbo mpya katika atelye za mji wetu: eti tutalinda pori kwa kuunganisha foloklo na droni. Mzee anaitwa kutoka kijijini, anavalishwa manyoya, anapiga lokole dakika mbili, watu wanachukua picha. Kisha kijana mgeni anarusha droni juu ya kiwanja. Maji ya chupa, pesa ya usafiri, kila mtu kwake. Sisi tulikuwako. Wengine wetu ndio tuliandika hata ripoti, ju tuko na diploma na hatuna kazi, na pesa ya siku moja haikataliwe.

Wazo lenyewe si baya. Shida ni kwamba bado halijafanywa.

Tuanze na ile lokole. Kwa Walokele wa kando ya mto, pale Yakusu na kuteremka, ilikuwa njia ya habari. Ni gogo lililotobolewa, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa sauti ni mbili tu, jina la mtu au la kitu lilivutwa likawa msemo mrefu, lisichanganywe na lingine. Ujumbe ulivuka maji na pori kilometa kadhaa, kijiji cha pili kikaupokea na kuusukuma mbele. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefundisha Yakusu, alitoa kitabu juu yake mwaka 1949, na yeye mwenyewe aliona vijana wakiacha kujifunza. Lakini lokole ilipolia, kulikuwa mtu wa kujibu. Droni ikiona mti umeanguka leo, nani anajibu? Picha inaenda Kinshasa, inaenda Ulaya, inaingia katika ripoti. Kijijini hakuna anayejua ilionyesha nini.

Na hiyo droni, tusidanganyane, haioni yote. Ile ndogo inaruka karibu nusu saa, betri inaisha, na kijiji hakina umeme wa kuijaza. Inaona majani ya juu. Inaona shimo mti mkubwa ukishaanguka, inaona moshi wa makala. Msumeno ulio chini ya majani hauoni. Kwake sapelli ni kichwa kimoja kati ya vichwa vingi. Mama wa kijiji anajua ni sapelli gani inaleta mbinzo kila msimu, na ni gani walikata mwaka jana, na nani alikula pesa yake. Mzee anajua kijiji cha zamani kilikuwa wapi, makaburi yako wapi, kijito gani ndicho mpaka na wenzetu wa ng'ambo. Ninyi mnaita hiyo foloklo. Yeye anahesabu kama sheria.

Wambole walikuwa na lilwa. Ndani yake kijana alifundishwa yaliyokatazwa, na sanamu za watu walionyongwa zilimwonyesha mwisho wa mkaidi. Hatuombe lilwa irudi, ilikuwa kali, na wanawake walifungiwa nje. Tunakumbusha tu kwamba baadhi ya sanamu zile leo ziko kwenye musee ya Tervuren, Ubelgiji. Walishachukua sanamu. Sasa wanachukua ramani.

Maana ramani ndiyo mali hapa. Dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2/8/2014 inaruhusu kijiji kuomba konsesio ya pori ya jamii, mpaka hekta 50.000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Lakini dosie inataka ramani, na baadaye mpango wa usimamizi. Kijiji kitapata wapi pesa ya kuchora? Hapa ndipo droni na hadithi ya mzee zinaweza kukutana kwa faida: mzee anatembea na kutaja, kijana wa kijiji anarusha na kuchora. Mwaka mmoja baadhi yetu tulikwenda na timu moja kama wakalimani. Mzee alituonyesha kila kitu, hata mahali ambapo wageni hawafiki. Ramani ilichorwa, nzuri, yenye rangi. Mpaka leo haijarudi. Tukipita pale anatuuliza: "Bana yangu, ile karatasi iko wapi?" Tunaangalia chini.

Tuseme na letu pia. Miti inateremka mto kwenda Kinshasa, mbao zinapanda barabara ya Ituri kwenda Uganda, lakini makala yanakuja hapa, kwa baskeli, kwa mama zetu. Barraji ya Tshopo iko ndani ya mji, tunasikia maji yake, na jioni tunapika kwa makala ju umeme umekatika tena. Mkitumia droni kumkamata mchoma makala wa kijiji na kuacha mwenye lori za mbao, tutasimama upande wa mchoma makala.

Tunadai hivi. Kila ramani iliyochorwa kwa mdomo wa wazee ipelekwe kijijini, kwa karatasi, na isomwe mbele ya watu kwa lugha yao. Vijana wa kijiji wafundishwe kurusha, walipwe, na kifaa kibaki kwao. Mzee akisema hapa msipige picha, msipige.

Mwezi ujao tutapita mlango kwa mlango katika ofisi za proje hapa mjini kuuliza ramani ziko katika kompyuta gani. Wenye ofisi wanatujua. Tulibeba mabegi yao.